Sauti za usiku zinazopenya ubavu wa chombo: je, ni nyangumi?

Mkaazi wa Mashuani

Salaam kwenu nyote mnaoishi baharini na mnaoifahamu bahari.

Mimi na mume wangu tumeifanya boti ya tanga kuwa makazi yetu, na katika mwezi huu wa Agosti tumetia nanga katika maji ya joto kusini mwa ikweta, mahali penye kina cha mita 20 hivi, panapotazamana na bahari kuu. Kwa usiku kadhaa mfululizo tumekuwa tukisikia sauti ambayo hatukuwahi kuisikia tulipokuwa katika ghuba zilizofungika. Huanza chini kabisa, kwa mngurumo mzito ambao mtu huuhisi kifuani kabla ya kuusikia, kisha hupanda polepole hadi kuwa mlio mrefu wa maombolezo, na mwishoni hukatika kwa vilio vifupi vyembamba viwili au vitatu. Baada ya kimya kifupi mpangilio huohuo hurudi.

Linalotushangaza zaidi ni kwamba sauti hii husikika tukiwa tumelala tu. Kitanda chetu kiko omoni, yaani mbele ya chombo, chini ya mstari wa maji, na kichwa kinapokaribia ubavu wa chombo sauti huwa wazi kiasi cha kututoa usingizini. Lakini tukipanda sitahani hatusikii chochote isipokuwa upepo kwenye kamba za mlingoti. Chini ya sauti hiyo kuna mlio mwingine usiokoma, wa mipasuko midogo midogo isiyohesabika. Juzi meli yenye injini kubwa ilipita kwa mbali, na ile sauti nzito ikanyamaza. Ilirudi baadaye sana, tulipokuwa tumekwisha kukata tamaa.

Naomba kuelimishwa. Je, huyu ni nyangumi kweli, au ni chombo chetu chenyewe kinacholia? Kama ni nyangumi, kwa nini asisikike sitahani? Na kunyamaza kwake meli ilipopita, je, ni sadfa? Boti yetu ni ya faibaglasi nene, isiyo na tabaka la povu katikati. Msione tabu kuandika kwa kirefu, kwani sauti hii imeziteka fikra zetu kiasi kwamba tumeahirisha kung'oa nanga.

Nahodha wa Matanga

Dada, karibu sana. Kabla hatujamtaja nyangumi, ni vyema chombo chenyewe kihojiwe kwanza, kwa sababu boti iliyotia nanga ina vinywa vingi. Mnyororo ukikokotwa juu ya mawe hutoa mkwaruzo na mngurumo unaopanda moja kwa moja hadi omoni, na kwa kuwa mnalala hukohuko, ninyi ndio mtakaousikia kuliko mtu yeyote. Ile kamba ya nailoni inayofungwa kwenye mnyororo ili kupunguza mishtuko nayo hulia inapokazwa na kulegea, tena hulia kwa sauti inayopanda, jambo linaloweza kumhadaa hata baharia mzoefu. Usukani uliolegea hugonga. Shafti ya rafadha, ile panga inayosukuma chombo, ikizungushwa na mkondo huvuma, na jokofu na pampu ya ngama, inayotoa maji yaliyokusanyika chini ya chombo, vina sauti zake.

Hata hivyo, sauti hizo zote hazijiendeshi zenyewe. Zile za mitambo hukoma mnapoizima, na zilizobaki hufuata wimbi, upepo au mkondo: boti ikiinuka na kushuka nazo huja na kuondoka, na maji yakianza kupwa baada ya kujaa nazo hubadilika. Kwa hiyo usiku wa leo zimeni jokofu na kila pampu, kisha mmoja wenu aende omoni na kuweka kiganja juu ya mnyororo, hapo unapoingia ndani ya boti, huku mwenzake akisikiliza kitandani. Mnyororo unaokwaruza mwamba hauwezi kujificha mkononi. Ukiwa umetulia kiganjani ilhali sauti inaendelea kitandani, mshukiwa mkuu ameachiwa huru.

Baada ya hapo sikilizeni mpangilio, wala msishughulike na uzuri wa sauti. Chombo hakina kumbukumbu. Hakiwezi kurudia mfululizo uleule wa milio mara nyingi, kisha kuhamia mfululizo mwingine, kisha baada ya robo saa kuurejea ule wa kwanza kama ulivyokuwa. Nyangumi mwenye nundu hufanya hivyo hasa, na kwa maelezo uliyoyatoa, pamoja na mwezi na mahali mlipo, mimi nina imani kubwa kwamba ndiye.

Kuhusu mipasuko midogo midogo, wahusika ni kamba wadogo wa majini wanaoishi katika matumbawe na mawe ya bahari za joto zisizo na kina kirefu. Kamba huyo ana gando moja lililozidi jingine kwa ukubwa. Akilifunga kwa nguvu hurusha mchirizi wa maji wenye kasi sana unaoacha kiputo, na mlio tunaousikia hutokana na kiputo hicho kuporomoka, wala si gando kugongana, kama ilivyothibitishwa mwaka 2000 kwa kamera za kasi kubwa. Wengi wanaohamia kuishi botini hudhani faibaglasi yao inapasuka. Haipasuki, laleni kwa amani.

Mpiga Kasia

Naomba kuongeza kwamba hata samaki huweza kumkosesha mtu usingizi. Katika miaka ya 1980, wakaazi wa nyumba zinazoelea huko Sausalito, California, walisumbuliwa usiku wa majira ya joto na mvumo mzito usiojulikana ulikotoka. Wapo walioshuku pampu za maji taka na wapo walioshuku majaribio ya siri ya jeshi. Hatimaye ilibainika kuwa ni samaki dume wadogo waliokaa chini ya mawe wakiwaita majike kwa kutetemesha kibofu chao cha hewa. Mvumo wa samaki hao, hata hivyo, hubaki kwenye sauti moja kwa muda mrefu bila kupanda wala kushuka, na kwa hiyo haufanani na alichokieleza dada yetu.

Wala asiwe nyangumi mkubwa mwenye meno, yule anayetoa ambari. Huyo hugonga tu, kwa milio mikavu inayofuatana kwa nafasi sawa, kiasi kwamba mabaharia wa zamani walioisikia kupitia mbao za vyombo vyao walimfananisha na seremala mwenye nyundo.

Msikilizaji wa Kina

Nimefurahi kwamba Nahodha ameanza na mnyororo. Mimi ningependa kukaa kwenye swali la kusikika kitandani na kutosikika sitahani, kwa sababu ndilo linaloonyesha bahati mliyo nayo ninyi mnaolala ndani ya maji.

Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde, ilhali hewani ni mita 340 hivi. Tofauti hiyo, ikijumlishwa na tofauti kubwa ya uzito kati ya maji na hewa, huufanya uso wa bahari kuwa ukuta: nguvu ya sauti inayopanda kutoka chini ikiupiga, karibu yote hurudishwa majini, na kinachopenya hadi hewani ni kama sehemu moja tu kati ya elfu moja. Mtu aliyesimama sitahani hubaki na kile kidogo kilichopenya, nacho humezwa mara moja na upepo. Ubavu wa boti, kwa upande wake, umegusana na maji yenyewe. Wimbi la sauti likiufikia, eneo zima lililozama hutetemeka na kuisukuma hewa ya chumbani, ambayo imefungwa pande zote na imekingwa na upepo. Mkigusisha mfupa ulio nyuma ya sikio kwenye faibaglasi, mtetemo huingia fuvuni bila kupitia hewani kabisa, na hapo ndipo mtakaposikia hata milio ile hafifu inayounganisha milio mikubwa. Boti za chuma na za alumini hupokea vizuri kwa sababu ganda lake ni jembamba. Zile za faibaglasi yenye povu katikati hufifisha sana, kwani povu limejaa hewa. Yenu iko pazuri.

Msijaribu, lakini, kukisia nyangumi yuko upande gani. Sikio hutambua upande kwa tofauti ndogo ya wakati sauti inapofika sikio la kulia na la kushoto, na ninyi sauti inawafikia kutoka kuta zote za chumba kwa pamoja. Huenda yuko kilomita kadhaa kutoka hapo.

Sasa nije kwenye wimbo wenyewe. Wanaoimba ni madume. Nyangumi wenye nundu wa kusini hutumia miezi ya joto wakila karibu na Antaktiki, kisha huja katika maji ya tropiki kujamiiana na kuzaa, hasa kati ya Julai na Oktoba, na kwa hiyo mmetia nanga katikati ya msimu wao. Mwimbaji kwa kawaida huwa peke yake, ameinamisha kichwa, karibu hasogei, akiwa makumi machache tu ya mita chini ya uso wa maji. Hupanda kuvuta pumzi, hushuka, na kuendelea pale alipoachia. Wimbo mmoja mara nyingi huchukua dakika 10 hadi 20, na huweza kurudiwa kwa saa nyingi mfululizo. Usidhani pia kwamba unausikia usiku kwa sababu tu boti imetulia: vipimo vya maikrofoni za majini huko Hawaii vimeonyesha kwamba kelele ya waimbaji wote kwa pamoja huongezeka giza linapoingia.

Aliyenasa sauti zilizowafumbua macho wataalamu alikuwa Frank Watlington, mhandisi aliyefanya kazi kwa jeshi la majini la Marekani huko Bermuda na ambaye alikuwa na maikrofoni zilizotegwa kilindini kwa ajili ya mambo mengine kabisa. Alizikabidhi kanda zake kwa watafiti wa nyangumi Roger Payne na Katy Payne. Sauti hizo zilipochorwa kwenye karatasi, Roger Payne na mwenzake Scott McVay waliona kwamba zinajirudia kwa utaratibu, na mwaka 1971 walichapisha katika jarida la Science hoja kwamba huu ni wimbo kwa maana kamili. Milio huungana kuwa mshororo. Mshororo hurudiwa na kuwa ubeti. Beti hufuatana kwa mpangilio usiovurugwa ovyo. Msomaji wa mashairi yetu atafurahi kujua kwamba mwaka 1988 Linda Guinee na Katy Payne walieleza kuwa katika nyimbo zenye mambo mengi zaidi, mishororo ya beti tofauti huwa na sehemu zinazofanana kama vina, na wakapendekeza kwamba huenda vina hivyo humsaidia nyangumi kukumbuka, kama vinavyomsaidia mghani.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni kwamba wimbo huo haudumu. Madume wote wa eneo moja huimba wimbo mmoja, na wote huubadilisha pamoja, kidogo kidogo, msimu hadi msimu. Mara nyingine hawaubadilishi bali huutupa. Pwani ya mashariki ya Australia, kati ya mwaka 1996 na 1998, wimbo uliokuwapo uliachwa na mahali pake pakachukuliwa na wimbo wa nyangumi wa pwani ya magharibi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha nyimbo zikihama kutoka Australia ya mashariki hadi Polinesia ya Ufaransa, visiwa vilivyo mbali katika Bahari ya Pasifiki, kutoka kundi moja hadi jingine, kwa muda wa miaka michache. Kwa hiyo, dada, mnachokisikia ubavuni mwa chombo chenu ni wimbo wa mwaka huu. Mkirudi hapo baada ya miaka mitano hamtausikia tena. Kwa sababu gani hasa wanaimba, wataalamu bado wanabishana: wapo wanaosema ni kuwavuta majike, na wapo wanaosema ni mazungumzo kati ya dume na dume, kwa kuwa anayemfuata mwimbaji mara nyingi huwa dume mwingine.

Nikumbushe pia kwamba nyangumi hawa waliwahi kuwindwa hadi wakakaribia kwisha. Sauti zao zilipotolewa kwenye santuri mwaka 1970, watu wengi ambao hawakuwahi kuiona bahari walianza kuwatetea, na mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikapiga kura ya kusitisha uwindaji wa kibiashara, uamuzi ulioanza kutumika msimu wa 1985/86. Kusikiliza peke yake hakukutosha kuwaokoa, lakini kulikuwa na sehemu yake.

Kuhusu meli, sidhani kuwa ni sadfa. Katika visiwa vya Ogasawara vya Japani, watafiti walifuatilia waimbaji wakati meli moja ya abiria ilipokuwa ikipita, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba waliokuwa ndani ya mita 1,200 hivi kutoka njia ya meli hiyo walipunguza au kuacha kuimba, na wengine hawakurudia hadi nusu saa na zaidi baada ya meli kuondoka. Rafadha kubwa hutoa kelele nzito katika masafa yaleyale, yaani idadi ileile ya mitetemo kwa sekunde, ambamo sehemu ya chini ya wimbo hukaa. Hata koo la mnyama mwenyewe lina mpaka: mwaka 2024 watafiti wa Denmark walieleza katika jarida la Nature kwamba nyangumi wa aina hii hutoa sauti zao nzito kwa kutetemesha mto wa mafuta ulio ndani ya zoloto, na kwa makadirio yao sauti hizo haziwezi kupita kina cha mita 100 wala masafa ya Hezi 300 hivi, yaani mitetemo 300 kwa sekunde. Hivyo hawezi kuikimbia kelele ya meli kwa kushuka chini na kuimbia huko.

Mkaazi wa Mashuani

Nahodha, shikamoo, nanyi wengine nawashukuru kwa dhati.

Tumefanya kama mlivyoagiza. Mume wangu aliushika mnyororo nami nikabaki kitandani na penseli, nikichora mstari unaopanda kila sauti ilipopanda, na alama ya msalaba kwa kila kilio kifupi. Mnyororo ulikuwa kimya. Karatasi yangu, kwa upande mwingine, ilijaa: mistari mirefu ikifuatwa na misalaba, safu baada ya safu, kisha sehemu ya mikoromo mizito inayoshuka ambayo sikuwa nimeitambua kama sehemu ya wimbo huohuo, kisha mlio mmoja mrefu wa juu sana, halafu mistari ile ya mwanzo ikarudi kwa mpangilio uleule. Nilipoinua godoro na kuweka kiganja kwenye faibaglasi tupu, mikoromo ile niliihisi vidoleni. Hatuna shaka tena.

Nina maswali mawili ya mwisho. Tungependa kumsikiliza vizuri zaidi na kuhifadhi sauti hiyo bila kumsumbua, tufanyeje? Na siku tutakapong'oa nanga, tuondoke vipi bila kumgonga?

Msikilizaji wa Kina

Chombo mnachokihitaji ni haidrofoni, yaani maikrofoni iliyozibwa ili izamishwe majini. Zipo za kununua, lakini anayejua kulehemu waya anaweza kuitengeneza kwa kile kisahani cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, ambacho hutumika katika vifaa vya kupiga mlio, akakiunganisha na waya wenye kinga dhidi ya mwingilio wa umeme, akakifunika chote kwa gundi ya epoksi pasipoingia maji, na akakipitisha kwenye kikuza sauti kinachofaa piezo kabla ya kinasa sauti. Ishusheni hadi mita 5 au 10 mkiwa mmeifunga uzani, na sehemu ya juu ya kamba iwe ya mpira, ili kuinuka na kushuka kwa boti kusiivute; mvuto huo hutoa mngurumo unaofunika kila kitu. Zimeni kipima kina, maana tiki zake huingia kwenye rekodi. Naseni bila kubana faili, kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na mwandike saa, latitudo, longitudo na kina, kwa sababu rekodi isiyo na mahali wala wakati haina kazi kubwa kwa mtafiti.

Ninawasihi jambo moja: msimrudishie wimbo wake majini kwa kipaza sauti, na msiende kumtafuta usiku kwa kidau chenye injini. Yuko pale kwa shughuli ya uzazi, na amefunga safari ya maelfu ya kilomita kwa ajili yake, akiishi kwa mafuta aliyoyahifadhi mwilini.

Nahodha wa Matanga

Marahaba, dada. Ondokeni mchana, jua likiwa juu, na mmoja wenu asimame omoni. Dume anayeimba haniogopeshi sana, kwa kuwa mnamsikia. Wasiwasi wangu ni mama na mtoto, ambao hupumzika juu juu ya maji bila sauti inayoweza kupenya ubavu wa boti; na boti inayokwenda kwa tanga, kwa kuwa haina kelele, huweza kuwafikia kabla hawajaitambua. Nendeni polepole hadi mtoke katika maji ya kina kifupi. Nchi nyingi zimeweka umbali usiopaswa kuvukwa, mara nyingi mita 100 au zaidi, kwa hiyo someni kanuni za mahali mlipo kabla ya kuinua tanga. Mkimwona mama na mtoto, msipite kati yao kwa hali yoyote, na nyangumi yeyote akijitokeza karibu ghafla, legezeni matanga mpunguze mwendo na mmwache aamue yeye njia.

Ikitokea bahati mbaya mkamgonga, angalieni kwanza usukani, mkuku (uti wa chini wa chombo) na ngama kama maji yanaingia, kisha toeni taarifa kwa mamlaka ya eneo hilo. Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ina hifadhidata ya migongano ya aina hiyo na hupokea pia taarifa za boti ndogo, ambazo wenye boti wengi hawazitoi kwa kudhani kwamba zinazotakiwa ni za meli kubwa tu.